Faiba haiozi, lakini ubao uliomo ndani yake huoza

"Habari za kazi, fundi. Kwa miaka sita nimekuwa nikivua kwa kulipia nafasi kwenye boti za watu, na sasa nimejiwekea akiba ya kununua chombo changu. Nimepata boti ya faiba ya futi 16, upana futi 6, umri wake miaka 15 hivi, yenye mashine ya nguvu farasi 40 ya mipigo miwili (two-stroke, ile ya kuchanganya petroli na oili). Mwenyewe anasema imetumika kidogo sana, na kwa miaka miwili iliyopita imekaa uani kwake imefunikwa turubai. Imepakwa rangi upya. Nilipokwenda kuiona alivuta kamba mara moja tu, mashine ikawaka. Sakafu ya karibu na tezi, kule nyuma ya boti, inabonyea kidogo ukiikanyaga, lakini ameniambia ni plaiwudi ya sakafu tu, boti ya faiba haiozi. Karatasi zipo, ila zina jina la mtu aliyekuwa nayo kabla yake. Nitavua kwa mshipi na nyavu ndogo, mara nyingi mimi, mdogo wangu na mwanangu wa miaka 11. Tunapovulia ni kama dakika 40 kwa mashine kutoka ufukoni. Ina tangi moja la kubeba la lita 25. Rafiki zangu wananiambia nisiiachie. Mke wangu anasema nisubiri. Je, niinunue?"

Ndugu yangu, umeuliza swali moja, lakini ndani yake naona matatu: kama boti hiyo ni nzima, kama inafaa kwa uvuvi wako, na kama wakati wako wa kumiliki chombo umefika. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu likianguka hilo, mengine hayana haja. Na nikuambie mapema ninakoelekea: kwa jinsi ulivyoieleza, usitoe hata malipo ya kushikia mpaka ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba mashine, upimwe na mtu asiyelipwa na muuzaji. Sisemi boti ni mbovu. Nasema mambo matatu uliyoyaandika kwa kupita tu, yaani sakafu inayobonyea, turubai na rangi mpya, yote yananielekeza mahali pamoja.

Muuzaji hakukudanganya aliposema faiba haiozi. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini ikakauka, na kitu hicho hakiliwi na kuvu wala mchwa. Ila boti nyingi ndogo za umri huo hazikujengwa kwa faiba tupu. Ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, ambao hapa nauita ubao wa tezi, kwa kawaida ni plaiwudi nene iliyovikwa faiba nje na ndani. Mihimili iliyo chini ya sakafu mara nyingi ni mbao zilizovikwa vivyo hivyo. Chukua kitabu kinene chenye jalada gumu, tuseme kurasa zake zote zimegandishwa kwa gundi: hukikunji. Sasa kurasa zikilowa na kuoza, yanabaki majalada mawili mepesi yasiyoshikamana na chochote katikati. Kwa macho kitabu ni kilekile. Ubao wa tezi uliooza uko hivyo hivyo, unang'aa nje na ndani umekuwa uji.

Maji huingia kwa njia ndogo sana: matundu ya boliti za mashine, tundu la kizibo cha kutolea maji, skrubu za ngazi au za kishikio cha fimbo, ufa kwenye kona za pale mashine inapokaa. Muhuri wa mpira uliowekwa kiwandani hukauka na kupasuka miaka inavyokwenda. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: boti huoza zaidi kwa maji ya mvua yanayoingia kutoka juu kuliko kwa maji ya chumvi yanayoigusa kutoka chini. Chumvi huwabana kuvu wanaokula mbao. Maji baridi huwakaribisha, mradi ubao uwe na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi, hewa kidogo na joto.

Ndiyo maana lile turubai halinitulizi. Boti iliyolala miaka miwili chini ya turubai lililobanwa pande zote, kizibo hakikutolewa, omo, yaani mbele ya boti, haikuinuliwa ili maji yateremke na kutoka, hiyo imefungiwa pamoja na unyevu wake. Maji yoyote yaliyokuwemo hukimbilia sehemu ya chini kabisa, nayo ni kule kwenye tezi. Unapokanyaga sakafu pale na ikabonyea, kweli inawezekana ni plaiwudi ya sakafu peke yake. Lakini maji yaliyoilowesha sakafu hiyo yalikaa wapi? Yalikaa kwenye ngama, yaani ule uvungu wa chini ya sakafu, yakigusa miguu ya mihimili na mguu wa ubao wa tezi.

Upimaji wenyewe unaweza kuuanza mwenyewe bila kifaa cha maana. Chukua nyundo ya plastiki, au mpini wa bisibisi kubwa, ugonge ubao wa tezi kidogo kidogo kuanzia juu hadi chini, nje na ndani. Pazima patatoa sauti kavu, kali, ko ko ko. Palipooza au palipoachana panaitika kizito, bu bu, kama godoro. Weka alama ya chaki kila sauti inapobadilika. Kisha inua mashine nusu, shika mguu wake wa chini kwa mikono miwili, uusukume juu na chini kwa nguvu, huku mdogo wako akiangalia pale ubao wa tezi unapokutana na mbavu za boti. Mashine icheze kwenye bawaba zake, hilo si neno. Ubao wenyewe ukipumua, au nyufa za kona zikifunguka na kufunga, umepata jibu lako. Angalia pia mahali vibano vya mashine vilipokaza: vikiwa vimezama ndani ya ubao kama kidole kwenye udongo, mbao za ndani hazina tena ugumu.

Kipimo cha mwisho ni cha kuomba ruhusa. Kwa upande wa ndani, chini kabisa, tundu dogo la milimita 5 huchimbwa mpaka kwenye mbao bila kutokea upande wa pili. Unga ukitoka mkavu na mweupe, shukuru. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka kama majani yaliyooza, basi. Tundu huzibwa kwa epoksi siku hiyohiyo na boti haidhuriki. Muuzaji anayejua boti yake ni nzima mara nyingi hukubali, hasa ukimwambia kwamba wewe ndiwe utakayegharamia kuliziba.

Nasisitiza hili kwa sababu lilinifunza kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpitishia mtu boti kwa kusikiliza mashine tu. Ilinguruma vizuri mno. Miezi michache baadaye alirudi, mashine imelala kwa nyuma na ubao umepasuka kwenye boliti za juu. Bahati yake alikuwa karibu na nchi kavu. Mashine kama hiyo yako ina uzito wa kilo 80 hivi, na kila boti inaporuka wimbi uzito huo unakuwa wenzo unaouvuta ubao kwa nyuma. Unapokimbia, nguvu zote za propela zinaisukuma boti kupitia ubao huohuo. Siku utakapokatika, tundu linalobaki ni la upana wa tezi nzima, na boti inajaa kuanzia nyuma.

Je, hurekebishika? Ndiyo, na nimeona kazi nzuri sana. Lakini maana yake ni kushusha mashine, kukata faiba ya ndani, kuchimbua mbao zote zilizooza, kujenga upya na kuunganisha na mihimili. Mihimili nayo ikiwa imeoza, sakafu nzima inang'oka. Sakafu peke yake ni kazi ya mafundi wa kawaida wa faiba, siku chache tu. Ubao wa tezi na mihimili ni kujenga nusu ya boti. Kwa hiyo ukikuta umeoza, kanuni yangu kwenye kupatana bei ni hii: boti hiyo ina thamani ya mashine yake peke yake, na mwili uhesabu bure. Muuzaji akikataa, mwachie.

Kuhusu rangi mpya sitasema mengi. Watu hupaka rangi boti wanayotaka kuiuza, si dhambi. Ila rangi huficha viraka na nyufa, kwa hiyo tazama mahali ambapo brashi haikufika: ndani ya kisanduku cha nanga, chini ya kifuniko cha sakafu, nyuma ya tangi. Kisha nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, uinamie kwenye omo na uutazame ubavu kwa urefu wake. Kiraka kilichofichwa mchana huonekana kama tuta kwenye mwanga wa kulalia. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye ngozi ya juu si za kutisha. Ufa unaoingiza ukucha, ulionyooka, hasa kwenye kona ya tumbo na ubavu, ule wa kutisha.

Kuna pia povu gumu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame ikijaa maji. Likikaa ndani ya maji miaka mingi, hunywa, na maji hayo hayatoki kwa kufungua kizibo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Boti iliyomeza lita 100 inabeba mtu mzima na mtoto wasioonekana, nao hawashuki. Utaijua kwa jinsi inavyokaa chini majini upande wa tezi hata ikiwa tupu. Palipo na mizani ya magari karibu, ipime juu ya trela, utoe uzito wa trela, ulinganishe na uzito wa kiwanda.

Sasa mashine. Hapa napingana na mawili uliyoambiwa. La kwanza, kwamba kuwaka kwa mvuto mmoja ni dalili ya uzima. Mashine nyingi, hata zilizochoka, huwaka kwa urahisi zikiwa zimeshapashwa moto kabla hujafika. Ukienda tena, jambo la kwanza, kabla ya maamkizi kuwa marefu, weka kiganja juu ya kichwa cha silinda. Kikiwa na joto, mwombe muuzaji msubiri mpaka ipoe kabisa. Mashine baridi ndiyo inayosema ukweli.

La pili, kwamba kutumika kidogo ni sifa. Kwa mashine za boti mara nyingi ni kinyume. Inayofanya kazi kila wiki na kusukutwa kwa maji baridi kila irudipo hudumu kuliko iliyolala. Ndani ya pampu ya maji kuna gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Likikaa miaka miwili bila kuzunguka, mapezi yanabaki yamekunjika upande mmoja na hayasukumi maji ipasavyo. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta hugeuka gundi na kuziba matundu membamba kama nywele. Ikiwa ilikuwa na ethanoli, hunyonya unyevu, na maji hayo hujitenga na kutua chini. Ringi za pistoni hushika kutu kwenye ukuta wa silinda. Hata mashine hiyo ikipita vipimo vyote, badilisha gurudumu la pampu ya maji kabla ya safari ya kwanza, usafishe kabureta, uweke mirija mipya ya petroli. Usimwamini mtu yeyote anayekuambia yaliyomo yangali mazuri.

Vipimo viwili vya mashine sivisamehi. Cha kwanza ni kompresheni, yaani nguvu ambayo kila silinda hubana nayo hewa. Fundi hutoa plagi zote, huzima mfumo wa cheche, hufungua mkono wa mafuta (ule wa kuongeza mwendo) mpaka mwisho, hufunga geji kwenye tundu la plagi na kuvuta kamba mpaka mshale usimame. Hurudia kwa kila silinda. Namba yenyewe hutofautiana kwa aina ya mashine. Kinachonihusu zaidi ni silinda kulingana. Moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, ipo ringi iliyochoka, gasketi iliyopasuka au ukuta uliokwaruzwa, na kwa mashine ya mipigo miwili hiyo ni kufungua kichwa na pengine kila kitu.

Cha pili ni oili ya gia, kule chini kwenye mguu wa propela. Mashine iwe imesimama wima usiku mzima. Legeza skrubu ya chini taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, mihuri ya shafti imekwisha na maji yamekuwa yakizunguka na gia. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya skrubu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole ni meno ya gia.

Ukishavuka hapo, omba kuipeleka majini. Kwenye pipa la maji mashine haibebi chochote. Ni kama kumpima punda nguvu bila mzigo. Nendeni watu watatu, pamoja na vitu vya uzito wa zana zenu. Iwake ikiwa baridi. Tazama ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni ya mashine: utoke mfululizo, kwa nguvu, na uwe vuguvugu baada ya dakika chache, usiunguze. Iache itembee polepole kwenye gia dakika kumi, kwa maana ndivyo utakavyovua. Kisha fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho. Boti inyanyuke na kuteleza juu ya maji ndani ya sekunde chache. Ikikokota tezi na kuinua omo kama inayopanda mlima, ama ni nzito, ama mashine imechoka, ama propela si yake. Mashine nyingi za aina hiyo hutakiwa kufika mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika mkono wa mafuta ukifunguliwa kabisa. Kitabu chake kitasema kiwango halisi, na kigeji cha mizunguko fundi anacho. Ikipiga kelele kuliko mwendo unaoupata, mpira wa ndani wa propela unateleza. Zima. Fungua sakafu, tazama ngama: kuna maji mangapi ambayo hayakuwamo? Unasikia harufu ya petroli? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, huzama kwenye ngama na kukaa hapo ukingoja cheche, kwa hiyo harufu hiyo si ya kuzoewa. Mwisho iwashe tena ikiwa moto. Zipo zinazowaka vizuri baridi na kugoma zikiwa na joto, na utaligundua hilo mbali na ufuko kama hukulijaribu leo.

Muuzaji akikataa kwenda majini kwa sababu yoyote ile, nakuomba uondoke. Sijawahi kujuta kuondoka hapo.

Tuseme imepita yote. Je, inawafaa nyinyi watatu? Kwa ukubwa, ndiyo, na nisingetaka ndogo zaidi. Ipo kanuni ya kukadiria idadi ya watu kwa boti ndogo zisizo na kibati cha kiwanda: zidisha urefu kwa upana kwa futi, ugawanye kwa 15. Yako ni 16 mara 6, yaani 96, ukigawanya unapata 6 na ushei, basi watu 6 siku ya maji shwari. Watu watatu na nyavu mnabaki na nafasi ya kutosha. Lakini wavuvi hawakai kama abiria. Mkivuta wavu wote mnasimama ubavu mmoja, na mzigo wenyewe unavuta kuelekea hukohuko. Jaribuni hilo siku ya majaribio, watatu mkiegemea upande mmoja, mkiwa karibu na nchi kavu na jaketi mmevaa. Ukingo ukibaki juu ya maji kwa kiasi cha kukutuliza moyo, vema. Na ngama iwe kavu kila wakati: maji yaliyo huru ndani ya boti hukimbilia upande unaoinama na kuuzidisha uzito, hivyo boti iliyotulia ikiwa kavu inaweza kupinduka ikiwa na maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu.

Nguvu farasi 40 inatosha kwa futi 16. Mipigo miwili ina faida zake: nyepesi, sehemu chache, na fundi wengi wanaijua. Gharama yake iko kwenye petroli. Mchanganyiko mpya unaingia kwenye silinda huku mlango wa moshi ukiwa bado wazi, na sehemu ya mafuta inatoka mbichi bila kuungua; kwenye mashine za kabureta inaweza kufika robo. Kwa kukadiria, mashine ya mipigo minne ya nguvu farasi 40 ikifunguliwa mafuta mpaka mwisho hunywa lita 15 hivi kwa saa, na ya mipigo miwili ya kabureta lita 18 au zaidi. Ukienda kwa mwendo wa wastani, tuseme lita 12 kwa saa, dakika zako 40 ni lita 8 kwenda na 8 kurudi. Sasa kanuni ya kale ya mabaharia wa mashine ni theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Hiyo ni lita 24 kabla hamjahama mahali pa kuvulia hata mara moja. Tangi la lita 25 linakutosha siku njema tu; upepo ukikugeukia wakati wa kurudi, hesabu imevunjika. Weka tangi la pili kwenye bajeti. Na kama unavua kwa kukokota chambo polepole kwa saa nyingi, jua kwamba mipigo miwili huchafua plagi kwa mwendo huo. Beba plagi za akiba na ufunguo wake.

Hesabu hiyo ya petroli ndiyo itakayojibu swali lako la tatu kuliko rafiki zako au mimi. Kaa na mke wako, kwa sababu naona hoja yake ni ya kusikilizwa, muandike siku mlizovua kweli mwaka uliopita, si zile unazotamani kuvua. Zidisha kwa petroli na oili ya safari moja. Ongeza usajili, leseni, mahali pa kuiweka, na matengenezo. Linganisha na ulicholipa kwa nafasi kwenye boti za watu. Kama huvuki safari mbili kwa mwezi, mara nyingi nafasi ya kulipia hushinda. Ukienda kila wiki, na mdogo wako akichangia, chombo chako huanza kuwa na maana. Nami kwa anayenunua kuukuu humshauri asimalize akiba yake kwenye bei ya boti. Abakize angalau robo kwa ajili ya msimu wa kwanza, maana hiyo robo huitwa mapema.

Njia nyingine zipo. Mwili kuukuu ulio mzima pamoja na mashine mpya ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mwili mzuri hudumu miongo na mashine ndiyo inayokurudisha nyumbani. Boti ya aluminiamu kuukuu haina mbao nyingi za kuoza. Unaijaza maji kidogo ikiwa imeegemezwa vizuri nchi kavu na kutazama ribiti zipi zinatoa machozi. Ila ukiikuta imepakwa chini rangi ya shaba ya kuzuia magugu na kome, iogope: shaba ikikutana na aluminiamu majini, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Karatasi usizichukulie wepesi. Boti nyingi za kiwandani zina namba ya mwili ya herufi na tarakimu 12 au 14, upande wa kulia wa tezi kwa juu, na mashine ina kibati chake kwenye bano. Namba hizo zilingane na zilizo kwenye karatasi, na rangi mpya isiwe imezifunika. Kibati kilichong'olewa au namba iliyosuguliwa ni sababu ya kutosha kuacha. Kwa jina la mtu wa awali, muuzaji awe na hati ya kuuziwa yeye, au huyo wa awali aje mwenyewe kutia sahihi. Uliza ofisi inayosajili vyombo kabla ya kulipa. Uliza pia kuhusu leseni ya uvuvi, kwa kuwa usajili wa chombo na ruhusa ya kuvulia mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Mengi niliyoyaeleza utayafanya mwenyewe. Lakini yako mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi: sauti ya nyundo ikibadilika popote kwenye ubao wa tezi, oili ya gia ikiwa na rangi ya maziwa, ufa ukipita kona ya tumbo, au kama mnakovulia ni bahari ya wazi au ziwa kubwa lenye mawimbi. Hapo mwite mkaguzi wa boti mwenye kipima unyevu, au fundi wa faiba na fundi wa mashine, wasiofahamiana na muuzaji. Mlipe mkaguzi hata ukihisi boti ni nzuri. Unampeleka mtoto wa miaka 11 majini. Jaketi lake la kuokolea liwe la uzito wake, si la mtu mzima lililofungwa kwa kamba, na ile kamba ya kuzima mashine ifungwe kwenye mkono wa anayeendesha kila safari, bila kuuliza ni mbali au karibu.

Basi rudi kwa muuzaji ukiwa na nyundo, tochi, chaki na mdogo wako. Anzeni na ubao wa tezi kabla hamjagusa mashine. Ukishapima, niandikie alama za chaki ziko wapi, namba ya kompresheni ya kila silinda, na rangi ya oili iliyotangulia kutoka. Nikiwa na hayo, nitaweza kukuambia kwa boti hiyo, si kwa boti za watu wengine.